Shane (1953) na ekari 160: ugomvi wa ardhi nyuma ya bastola

Walioitazama Shane hukumbuka mambo matatu: mgeni anayeshuka kutoka milimani akiwa peke yake juu ya farasi, muuaji wa kukodiwa anayevaa glavu nyeusi kabla ya kuua, na mtoto anayelia akiliita jina la mgeni yule wakati anaondoka. Hayo yanastahili kukumbukwa. Lakini nyuma ya kila risasi ya filamu hii kuna ekari, na asiyejua sheria ya ardhi iliyokuwa ikitumika Wyoming wakati ule ataona ugomvi wa mtu mbaya na mtu mwema, basi. Ukiijua sheria hiyo, filamu inabadilika mbele ya macho yako. Unaelewa kwa nini tajiri Ryker anachoma nyumba badala ya kwenda mahakamani, na kwa nini mkulima Starrett anang'ang'ania kubaki hata pale mke wake anapomsihi waondoke.

Kwanza filamu yenyewe. Iliongozwa na George Stevens kwa kampuni ya Paramount, kutokana na riwaya ya Jack Schaefer iliyochapishwa 1949. Alan Ladd ni Shane, Van Heflin ni Joe Starrett, Jean Arthur ni mkewe Marian, Brandon deWilde ni mtoto wao Joey, na Jack Palance ni Wilson, yule muuaji. Picha zilipigwa 1951 katika bonde la Jackson Hole, Wyoming, chini ya milima ya Teton, na Loyal Griggs alipata tuzo ya Oscar kwa upigaji picha wa rangi. Riwaya inasema mgeni aliingia bondeni kiangazi cha 1889. Mwaka huo tuushike, tutaurudia.

Sheria inayowaweka akina Starrett bondeni ni ile aliyoisaini Rais Abraham Lincoln tarehe 20 Mei 1862, iliyoanza kutumika 1 Januari 1863. Kwa Kiswahili tunaweza kuiita Sheria ya Makazi. Iliruhusu mkuu wa familia, au mtu yeyote aliyetimiza miaka 21, awe raia au aliyekwisha kutangaza nia ya kuwa raia, kuchukua hadi ekari 160 za ardhi ya serikali, yaani kama hekta 65. Wanawake wasio na waume na wajane walikuwamo. Utaratibu wake ulikuwa hivi: ardhi ilipimwa na wapimaji wa serikali kwa miraba ya maili moja kwa maili moja, kila mraba ekari 640. Mwombaji alichagua robo ya mraba, akaenda ofisi ya ardhi, akala kiapo na kulipa ada. Ukijumlisha ada ya kuanza na ya kumaliza ilifika takriban dola 18. Baada ya hapo ilimpasa ajenge nyumba, aishi humo na alime kwa miaka mitano. Miaka hiyo ikitimia alikuwa na miaka miwili ya kurudi ofisini na mashahidi wawili waape kwamba ni kweli aliishi na kulima. Hapo ndipo alipopewa hati miliki.

Aliyekuwa na haraka aliweza kununua. Akikaa miezi sita tu, alilipa dola 1.25 kwa ekari na kuchukua hati yake. Kwa ekari 160 hizo ni dola 200. Mchunga ng'ombe wa kuajiriwa enzi hizo alilipwa kiasi cha dola 30 au 40 kwa mwezi, kwa hiyo dola 200 ilikuwa mshahara wa nusu mwaka bila kula wala kuvaa. Mtu kama Starrett hana fedha hiyo. Anacholipia shamba ni muda.

Sasa soma kifungu kinachoendesha filamu nzima. Sheria ilisema kwamba aliyechukua ardhi akihama au akiiacha kwa zaidi ya miezi sita kabla hajapata hati, ardhi inarudi serikalini. Ilisema pia kwamba akifa, mjane wake anaweza kuendelea mpaka apate hati, na mjane akifa, warithi wao. Viweke vipengele hivyo viwili pamoja, kisha mwangalie Ryker. Kumuua mwenye familia hakumpi ardhi, maana mjane anabaki na haki. Kumtisha mpaka afungashe kunampa. Kwa hiyo anachotafuta ni watu kuondoka. Nyumba ikikaa tupu miezi sita, dai limekufa lenyewe, na ng'ombe wake wanarudi kulisha pale kana kwamba hapakuwahi kuwa na mtu.

Ndiyo maana tukio zito kuliko yote, kwa maoni yangu, halina bastola. Ni lile la Ernie Wright, mkulima aliyeharibiwa mazao akaamua basi, akapakia vyombo kwenye gari la farasi na kuondoka. Anayetazama kwa pupa huliona kama tukio la kupitisha muda. Kwa sheria ya ardhi, hapo Ryker ameshinda robo moja ya mraba bila kutumia risasi. Baadaye nyumba ya Lewis inachomwa moto wakulima wakiwa makaburini wanamzika mwenzao, na Lewis tayari ameamua kuhama. Kinachowarudisha ni kule kwenda kuuzima moto wote kwa pamoja. Waliobaki wanaelewa kwamba kila anayeondoka anamwachia jirani yake uzio mmoja pungufu.

Ryker naye ana hoja, na Stevens anampa nafasi ya kuisema mbele ya Starrett. Anasema wao ndio waliofika kwanza, wakafungua nchi kwa jasho na damu, na sasa wageni wanazungushia uzio malisho yake, wanachimba mifereji ya umwagiliaji, na kijito kinakauka mpaka inambidi ahamishe mifugo. Starrett anamjibu kwamba hata yeye Ryker hakuwa wa kwanza, na kwamba serikali haioni mambo kama anavyoyaona yeye. Rudia mazungumzo hayo mara mbili. Kuna madai mawili mle ndani, na uzito wao haulingani.

Juu ya ardhi, dai la Ryker ni dhaifu sana. Wafugaji wakubwa wa Wyoming walilisha kwenye ardhi ya wazi ya serikali bila kulipa kodi ya pango wala kuwa na hati. Kutumia nyasi miaka ishirini hakukumfanya mtu kuwa mwenye nyasi. Mwaka 1885 bunge la Marekani lilipitisha hata sheria ya kukataza kuweka uzio kwenye ardhi ya serikali, kwa sababu baada ya Joseph Glidden kupata hataza ya waya wake wa seng'enge mwaka 1874, matajiri walikuwa wamezungushia waya maeneo makubwa yasiyo yao.

Juu ya maji mambo ni tofauti. Katika nchi kavu za magharibi ya Marekani, Wyoming ikiwamo, haki ya maji ilikwenda kwa aliyetangulia kuyachota na kuyatumia kwa kazi yenye faida. Anayekuja nyuma hupata kilichobaki. Kama Ryker alinywesha mifugo kwenye kijito kile miaka mingi kabla ya mifereji ya wakulima, hapo alikuwa na jambo la kupeleka kwa hakimu. Hakulipeleka. Alikuwa na hoja moja nzuri, akaizika chini ya kumi mbovu, na akamwita Wilson kutoka Cheyenne. Msomaji wa Kilosa au Kiteto, ambako wafugaji na wakulima wamegombana kwa miaka, ataitambua hali hiyo haraka.

Lazima tuseme pia kwamba sheria yenyewe ilipanda mbegu ya ugomvi. Ekari 160 zilitosha Illinois au Iowa, kwenye mvua. Wyoming ni kukavu, na sehemu nyingi ng'ombe mmoja alihitaji ekari 20, 30 au zaidi kwa mwaka. Robo ya mraba ingelisha ng'ombe wachache tu, na kilimo bila mfereji kilikuwa kamari. John Wesley Powell, mtafiti wa serikali, aliandika hayo mwaka 1878: mashamba ya malisho yawe ekari 2,560, na ya kumwagilia yawe ekari 80. Hakusikilizwa. Bunge liliongeza ekari kuwa 320 mwaka 1909, na 640 kwa wafugaji mwaka 1916, wakati maelfu ya familia walikuwa wameshashindwa na kuondoka.

Matajiri walijua udhaifu huo na waliutumia. Kwa kuwa ardhi bila maji haina faida, aliyeshika chemchemi na kingo za mto alishika nchi yote iliyozunguka. Basi waliwatuma vibarua wao wakaombe ekari 160 kila mmoja kwenye maji, kisha wawauzie. Wengine waliapa kwamba wamejenga nyumba ya 12 kwa 14 bila kutaja kipimo, na kumbe ni inchi. Viapo vya mashahidi wawili vilikuwa rahisi kununua. Filamu haionyeshi upande huu, na nadhani ni pengo: Ryker wa kweli angekuwa na wachunga ng'ombe wake kumi wenye madai ofisi ya ardhi.

Pengo kubwa zaidi ni la wenyeji. Ryker anasimulia vita vyake na Wahindi Wekundu kama deni ambalo anaidai nchi imlipe, lakini hatuoni hata mmoja wao. Ardhi ile "ya serikali" ilikuwa ya Washoshone, Waarapaho na wengine waliosukumwa kwenye maeneo yaliyotengwa. Washoshone wa mashariki walibakizwa Wind River kwa mkataba wa 1868, na Waarapaho wakawekwa humohumo miaka kumi baadaye. Neno letu "mlowezi" linawafaa akina Starrett barabara, pamoja na uzito wote tunaoubeba nalo Afrika Mashariki.

Turudi 1889. Julai mwaka huo, kwenye mto Sweetwater huko Wyoming, mwanamke aitwaye Ella Watson, aliyekuwa ameomba shamba kwa Sheria ya Makazi kwenye malisho aliyoyategemea mfugaji Albert Bothwell, alinyongwa juu ya mti pamoja na James Averell. Walishutumiwa wizi wa ng'ombe. Hakuna aliyehukumiwa kwa mauaji yao. Miaka mitatu baadaye, Aprili 1892, matajiri wa chama cha wafugaji walikodi wapiga bastola zaidi ya ishirini kutoka Texas, wakawapakia kwenye treni Cheyenne, na msafara wa watu kama hamsini ukaingia wilaya ya Johnson na orodha ya watu wa kuuawa. Tarehe 9 Aprili walimuua Nate Champion na Nick Ray kwenye ranchi ya KC, baada ya kumchomea Champion nyumba. Wananchi wakiongozwa na sherifu Red Angus waliwazingira kwenye ranchi ya TA, na waliokuja kuwaokoa wavamizi walikuwa askari wa serikali kwa idhini ya Rais Benjamin Harrison. Kesi ilikufa Januari 1893. Wilaya haikuweza kumudu gharama zake. Wilson wa kwenye filamu anatoka Cheyenne, na kwa mtazamaji anayejua historia hiyo jina la mji linatosha.

Mtazame Wilson anavyomuua mkulima Torrey kwenye matope mbele ya duka la Grafton. Anamtukana yeye na watu wa Kusini anakotoka, taratibu, mpaka Torrey anagusa bastola. Kisha Wilson anatoa ya kwake, anasubiri kitambo, ndipo anapofyatua. Ule utaratibu wote ni wa kupata ushahidi: waliopo waweze kuapa kwamba marehemu alianza, na mauaji yawe kujihami. Ni ujanja uleule wa viapo vya ofisi ya ardhi, ukihamishiwa kwenye roho ya mtu. Stevens alikuwa ameongoza kikosi cha wapiga picha wa jeshi la Marekani vitani na kupiga picha za kambi ya Dachau ilipokombolewa. Aliporudi hakutaka risasi iwe mchezo. Alikuza mlio wa bastola kupita kiasi cha kawaida cha filamu, na Elisha Cook Jr., mwigizaji wa Torrey, alifungwa waya uliomvuta kinyumenyume ili mtazamaji aone uzito wa kupigwa. Itazame kwa spika nzuri. Kwenye simu mlio ule unapotea, na hoja yake inapotea nao.

Mwishoni Shane anamuua Wilson, Ryker na ndugu yake Ryker. Kisheria, bondeni hakujabadilika kitu. Warithi wa Ryker wangerithi ng'ombe, maana ng'ombe walikuwa mali yake, ila malisho hayakuwa ya kurithiwa. Starrett bado ana miaka yake ya kutimiza, mfereji wa kuchimba, na mashahidi wawili wa kutafuta miongoni mwa majirani waliobaki hai.

Bonde la kweli lilikuwa na mwisho wake. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920, tajiri John D. Rockefeller Jr. alinunua kimyakimya kiasi cha ekari 35,000 za wafugaji na wakulima wa Jackson Hole kupitia kampuni ya Snake River Land, jina lake likifichwa ili bei zisipande. Serikali ilipotangaza eneo la hifadhi mwaka 1943, wafugaji wenye silaha waliswaga ng'ombe kulikatiza kwa kupinga, na pamoja nao alikuwa mwigizaji maarufu wa Hollywood, Wallace Beery. Septemba 1950 ardhi hiyo iliunganishwa na hifadhi ya taifa ya Grand Teton. Kiangazi kilichofuata Stevens alifika na kamera zake, na kwenye bonde ambalo walowezi wengi walikuwa wameshaliuza akajenga shamba la Starrett.