Msitu si ukuta: dhana potofu kuhusu mawimbi ya redio na miti

"Pima mita kumi za miti, kisha zidisha."

Hii ndiyo dhana inayovuruga hesabu nyingi kuliko zote, kwa hiyo naianza. Chukua fomula ya Weissberger ya 1982, inayokadiria nguvu ya wimbi inayoliwa na miti, ambayo bado inatumika sana kwa masafa ya megahezi 230 hadi gigahezi 95. Kwenye gigahezi 28, mita 10 za majani hula takriban desibeli 11.6 (desibeli ni kipimo cha nguvu ya wimbi inavyopungua au kuongezeka). Ukizidisha, mita 100 zingekula karibu desibeli 116, na ungekata tamaa papo hapo. Fomula yenyewe inatoa desibeli 51 hivi.

Kwa nini tofauti iwe kubwa kiasi hicho? Wimbi linapoingia msituni, sehemu yake inayokwenda moja kwa moja hufa haraka: maji yaliyomo kwenye majani huifyonza, na matawi huitawanya. Lakini nguvu iliyotawanywa haijapotea yote. Inadunda kutoka jani hadi jani, na ukifika ndani kabisa, hiyo ndiyo inayoifikia antena kutoka pande nyingi, nayo hupungua polepole zaidi. Ndiyo maana fomula inazidisha umbali moja kwa moja hadi mita 14 tu. Kuanzia hapo hupandisha umbali kwa kipeo cha 0.588, na mwisho wake ni mita 400. Tafadhali usiivute kupita hapo.

Jambo jingine linalosahaulika: desibeli hizo ni za miti peke yake. Hasara ya umbali katika hewa wazi inajumlishwa juu yake.

"Kama gigahezi 2.4 inapita, 28 nayo itapita."

Kwenye gigahezi 2.4 urefu wa wimbi ni sentimita 12.5, kwa hiyo jani dogo halilisumbui sana. Kwenye 28 ni milimita 11 hivi. Lishike jani lolote la kawaida mkononi: limelizidi wimbi hilo mara kadhaa, na hata kijiti kinachobeba majani kinakuwa kizuizi. Kwa mita 100 zilezile, fomula inatoa desibeli 26 kwa masafa ya chini na 51 kwa ya juu. Kwa lugha ya nguvu, hiyo ni tofauti ya zaidi ya mara mia tatu.

"Ongeza nguvu ya mtambo."

Kuongeza nguvu maradufu kunakupa desibeli 3. Pembezoni mwa msitu, kwenye gigahezi 28, hizo zinaliwa na mita mbili na nusu za majani. Antena yenye mwale mwembamba nayo haifanyi kazi kwa ubora wake wote ndani ya msitu, kwa sababu mawimbi yanakuja kutoka kila upande ilhali yenyewe inatazama upande mmoja.

"Majani yakipukutika, njia ni nyeupe."

Mashina na matawi yanabaki. Hasara hupungua, haiishi.

"Kipimo kimoja kinatosha."

Sogeza antena milimita chache, au subiri upepo utikise tawi moja, uone namba inavyopanda na kushuka. Mvua ikilowesha majani, inabadilika tena. Pima sehemu nyingi, upepo ukiwepo na usipokuwepo, kisha tafuta wastani na uandike pia namba zilitawanyika kiasi gani. Kiungo cha redio kinachotegemea wastani peke yake kitakatika kila tawi likiyumba.