Je, wajua kwa nini neno “zaidi” humfanya mtoto ajumlishe pale anapotakiwa kutoa?

“Tumaini amevuna madebe 12 ya viazi. Amevuna madebe 5 zaidi ya Atupele. Je, Atupele amevuna madebe mangapi?” Mtoto wa darasa la tatu niliyekuwa nikimsaidia jioni nyumbani Tukuyu, wilayani Rungwe, aliandika 17 bila kusita, na kosa halikuwa lake. Ni mimi niliyemwandikia nyuma ya daftari kwamba akiona “jumla”, “pamoja” au “zaidi” ajumlishe, na akiona “baki” au “tofauti” atoe. Aliitii orodha yangu. Jibu sahihi ni 7.

Orodha za namna hii hudumu kwa sababu katika mafumbo mepesi huwa zinafanya kazi, na mtoto akishapata vema kumi mfululizo hana sababu ya kuzitilia shaka. Lakini geuza majina tu, useme kwamba Atupele ndiye aliyevuna madebe 5 zaidi ya Tumaini: neno ni lile lile, namba ni zile zile, na sasa 17 ndilo jibu sahihi. Kwa hiyo “zaidi” haliamuru kujumlisha wala kutoa. Linaeleza tu uhusiano wa viasi viwili, na bila kujua nani anazidi na nani anaulizwa, halijasema kitu. Anayelitegemea peke yake ni kama msafiri aliyesimama stendi Mbeya, akasikia konda akiita “Uyole”, akapanda bila kuuliza gari linaendelea wapi. Uyole litapita kweli, ila kutoka hapo njia moja hushuka Tukuyu na nyingine huelekea Makambako. “Jumla” nalo halina uaminifu zaidi. Jumla ya mikungu ya ndizi iliyopakiwa ni 30. Mikungu 18 imetoka Kiwira na iliyobaki imetoka Katumba. Ni mingapi ya Katumba? Hapo mtoto mwenye orodha yangu amepewa amri mbili zinazopingana ndani ya fumbo moja.

Ugumu wenyewe uko wapi? Mwaka 1983 mtafiti Tom Hudson alichapisha majaribio aliyowafanyia watoto wadogo nchini Marekani kwa kutumia picha, mfano ndege 5 na minyoo 4. Walipoulizwa ndege ni wangapi zaidi ya minyoo, asilimia 64 ya watoto wa darasa la kwanza walijibu kwa usahihi. Walipoulizwa ni ndege wangapi watakaokosa mnyoo iwapo kila mmoja atakimbilia wake, walipata wote, asilimia 100. Picha haikubadilika. Watoto hao walikuwa wachache na waliulizwa kwa Kiingereza, hivyo asilimia zenyewe zisihamishiwe moja kwa moja kwa mtoto wa Rungwe, ambaye huenda nyumbani anazungumza Kinyakyusa na Kiswahili anakikuta zaidi shuleni.

Hata hivyo, swali la pili linaonyesha kile ambacho la kwanza linaficha, yaani kuoanisha. Nilimwaga maharage mkekani, kila punje ikiwa debe moja. Tulipanga safu ya Tumaini yenye punje 12, kisha chini yake safu ya Atupele, punje kwa punje, tukiacha 5 za mwisho za Tumaini bila mwenza. Hizo 5 ndizo “zaidi”. Si madebe mengine yaliyoletwa kutoka shambani. Yamo tayari ndani ya yale 12, kama vile sentimita ambazo kaka mkubwa anamzidi mdogo wake zilivyomo ndani ya urefu wa huyo mkubwa. Mtoto alihesabu safu ya chini: saba. Baadaye tuliacha maharage, tukachora mistatili miwili, mmoja mrefu na mmoja mfupi, na kabla ya kuchora alitakiwa kujibu swali moja tu: nani ana vingi?

Swali hilo si la watoto peke yao. Mwaka 1995, Mary Hegarty na wenzake walifuatilia mienendo ya macho ya wanafunzi wa chuo kikuu waliokuwa wakisoma mafumbo ya aina hii. Waliokosea mara kwa mara walirudia kutazama namba na maneno ya ulinganisho. Waliofaulu walirudi zaidi kwenye majina ya vitu vinavyolinganishwa.

Mistatili nayo haitibu kila sentensi. Andika kwamba Tumaini ana madebe 12, “mara 3 zaidi ya” Atupele, uwape watu wazima wawili wachore. Mmoja atamgawia Tumaini visanduku vitatu vya Atupele na kupata 4. Mwingine atachora kimoja na kuongeza vitatu, apate 3. Katika karatasi ya mtihani, heri mtunzi aandike “mara 3 ya”.