Je, wajua kwa nini mtoto mwenye ulemavu mkubwa hufundishwa kuanzia mwisho?

Ngoja niulize, ukiambiwa umfundishe mtoto kuvaa kaptula utaanzia wapi? Najua utasema mwanzo, si ndo kawaida, ishike, tafuta mbele iko wapi, ingiza mguu huu, ingiza na ule, pandisha. Sasa ticha wa kitengo anakosoma mpwa wangu hapa Tabora anaanzia kwenye kupandisha. Anamvalisha yeye mwenyewe mpaka kaptula inafika kwenye makalio, hapo anaachia mikono, anasubiri, dogo amalizie kuileta kiunoni. Basi, imeisha, pongezi, twende kucheza. Na hilo ndo somo la wiki nzima, wakati mwingine wiki tatu.

Dada alipoliona mara ya kwanza alinuna mpaka nyumbani. "Mdogo wangu, mtoto nimempeleka shule anafundishwa kuvuta kaptula?" Mi nikamwambia tumuulize ticha kabla hatujaanza kulalamika, na ndo nikajua kumbe hii kitu ina akili ndani yake.

Kwa asiyejua, kitengo ni lile darasa la elimu maalum linalokaa ndani ya shule ya msingi ya kawaida, na walimu wake wengi wamepita Chuo cha Patandi kule Arusha. Tabora wenyewe sio wageni wa mambo haya, shule ya viziwi ipo hapa tangu 1963. Ila ulemavu ninaouzungumzia mimi ni ule mzito, mtoto ana miaka 11, maneno anayo manne, mkono wa kushoto hauna nguvu, na jambo unaloweza kumwelekeza mwenzake mara mbili akashika yeye anahitaji mara mia na hamsini, na sio kwamba hashiki, anashika, ila kidogo kidogo.

Sa sikia. Kazi yoyote ya mikono ni mnyororo, pete moja inavuta nyingine, na raha ya kazi ipo kwenye pete ya mwisho. Unanawa ili ukale, unavaa ili utoke nje. Ukimuanzishia mtoto huyu pete ya kwanza, ataifanya vizuri tu lakini baada ya hapo zinabaki kumi ambazo hazijui, ama utamfanyia wewe yeye akiwa ameshapotea kimawazo anaangalia kuku, ama atakwama na kuishia kulia. Jasho kalitoa mwanzoni, matokeo yamekuja huko mbali mikononi mwa mtu mwingine, atajuaje kwamba vinahusiana? Ukianzia mwisho, kila anapogusa ile kazi inaishia mkononi mwake yeye. Kapandisha, kaptula imekaa, anakimbia nje. Halafu cha pili, na hiki mi ndo kilinimaliza kabisa, ni kwamba hatua mpya inaongezwa nyuma ya ile anayoijua, kwahiyo kila siku anatoka asikokujua anaingia anakokujua. Ukienda kwa kuanzia mwanzo ni kinyume chake, unamtoa kwenye njia aliyoizoea unamsukumia porini.

Nilienda kushuhudia mwenyewe asubuhi moja kabla ya uji. Nje ya darasa chini ya mwembe pana kibuyu chirizi, lile dumu dogo limening'inizwa kwa kamba na chini kuna kijiti cha kukanyaga, ukikanyaga dumu linainama maji yanatoka. Sisi tunasema "nawa mikono" kama vile ni kitu kimoja, ticha ana karatasi yake kakikata vipande kumi na viwili: sogea, kanyaga, lowesha, achia mguu, shika sabuni, sugua viganja, sugua juu, pitisha katikati ya vidole, rudisha sabuni, kanyaga tena, suuza, futa kwenye kitambaa. Kila kipande mbele yake kuna kisanduku cha kuweka alama, kafanya mwenyewe au kasaidiwa, na kama kasaidiwa ni kwa namna gani.

Na hiyo namna ya kusaidia nayo ni ufundi. Ticha anasimama nyuma ya mtoto, sio mbele, ili mikono ya wote wawili iende upande mmoja. Mwanzo anaushika mkono wa dogo kabisa, kiganja juu ya kiganja. Siku zikienda anashika kifundo cha mkono tu, baadaye kiwiko, baadaye anagusa bega, mwisho yupo tu hapo nyuma kama kivuli. Kabla ya kugusa anahesabu kimoyomoyo mpaka tano. Hizo sekunde tano nikwambie ni ndefu balaa, mimi mwenyewe mikono ilikuwa inawasha nimsaidie, dogo kasimama na maji yanadondoka anaangalia kitambaa, anaangalia kitambaa, halafu taratibu akanyoosha mkono wa kulia akakivuta.

Umesikia sijasema ticha aliongea nini? Hakuongea. Nilidhani kasahau kumbe makusudi, maana ukimzoesha mtoto "haya sasa futa, haya sasa kanyaga" anajifunza kungoja sauti yako badala ya kuiangalia kazi, na sauti ni ngumu kuipunguza kuliko mkono, mkono utauhamisha kutoka kiganjani kwenda begani lakini neno ama umelisema ama hujalisema.

Kuna Mmarekani mmoja anaitwa Marc Gold, alikuwa Chuo Kikuu cha Illinois, huyu ndo aliwaacha watu midomo wazi miaka ya 1970 mwanzoni. Alichukua vijana wenye ulemavu mkubwa wa akili, wale ambao watu walishasema hawa wa kukaa tu, akawafundisha kuunga breki ya baiskeli yenye vipande 15, baadaye nyingine ya vipande 24. Mtu wa Tabora hahitaji kuelezwa zaidi, mji huu baiskeli ndo miguu yetu, we jaribu kufungua breki uirudishe bila kubakiwa na nati mkononi tuone. Gold alifanyaje, alipanga vipande kwenye visahani kwa mfuatano ili mkono usitafute, kila kipande akakipaka rangi nyekundu ule upande unaotakiwa kumwangalia muungaji, na maneno akayapunguza sana. Hoja yake ilikuwa mtu akishindwa kujifunza usimlaumu kwanza yeye, badilisha unavyomfundisha. Yule fundi wetu wa baiskeli wa pale mtaani nilipomsimulia akacheka, akasema mbona hata yeye wanagenzi wake anawapangia spea hivyohivyo chini kwenye gunia.

Sasa turudi kwenye lile nung'uniko la dada, kwa nini kaptula na sio a e i o u? Mmarekani mwingine wa miaka hiyohiyo, Lou Brown wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, aliwaachia walimu kipimo kimoja rahisi: mtoto asipojifunza hiki kitu, je kuna mtu atalazimika kumfanyia? Asipojua kuchomeka vijiti vya rangi kwenye ubao wenye matundu, hakuna atakayemchomekea, maisha yanaendelea. Asipojua kuvaa, kunawa, kwenda choo, kuna mtu atafanya hayo yote kila siku, na leo mtu huyo ni dada yangu na mgongo wake. Miaka miwili kule alikokuwa mwanzo (shule siitaji) mpwa wangu alichomeka vijiti. Alikuwa bingwa wa vijiti. Namsikitikia ile miaka.

Kuanzia mwisho sio amri ya kila kazi lakini. Kuwasha jiko la mkaa huwezi kumuanzishia mwenye mkono dhaifu kwenye moto, hapo unaanza na kutia mkaa mengine unafanya wewe. Na wapo watoto wanaoweza kupitishwa hatua zote kila siku wakisaidiwa pale tu wanapokwama. Ticha anajaribu, anaangalia karatasi yake, alama zisiposogea anabadilisha.

Ishu kubwa iliyobaki ni kwamba watoto hawa hawahamishi kirahisi kitu walichojifunza. Kikombe cha plastiki cha darasani sio kikombe cha bati cha nyumbani, kwao ni vitu viwili. Ndo maana kunawa wanafundishwa wakati wa uji na sio saa nne bila sababu, na kwenda dukani wanafundishwa dukani na noti ya 1,000 ya kweli, anatoa moja, anasubiri alichotumwa na chenji kama ipo, kuhesabu sio lazima.

Hilo sisi tumelipata palepale uani. Dogo shuleni anafuta, anasuuza na anakanyaga mwenyewe, dada kwa furaha akatengeneza kibuyu chirizi chake, mtoto akakataa katakata, anasimama tu. Wiki nzima tunabembeleza. Ticha alipopita kutusalimia akaangalia mara moja akacheka, kijiti tulikiweka kushoto, shuleni kiko kulia, na mguu anaoutumia ni wa kulia. Tukakihamisha jioni ileile. Sasa hivi tumefika kwenye kurudisha sabuni, na hapo tumekwama kidogo kwa sababu kila akiishika lazima ainuse kwanza, tena kwa kirefu, na ticha kasema tumwache anuse.