Moyo umetengenezwa, sasa mwili ujifunze kutembea: mazoezi tiba baada ya upasuaji wa moyo

Mgonjwa aliyefunguliwa kifua akirudi nyumbani hupokelewa kwa upendo mwingi. Anatandikiwa kitanda, chakula kinamfuata chumbani, na akijaribu kuinuka anaambiwa, "Pumzika, mama, usijitese." Upendo huo tunauheshimu, ila ukizidi unaumiza. Daktari amebadilisha valvu, yaani mlango wa damu ndani ya moyo, au amepandikiza mishipa ya damu. Misuli ya mapaja iliyolegea kwa miezi ya kuugua, na mapafu yaliyosinyaa kwa kulala chali, havirekebishwi kwa kisu. Hiyo ni kazi ya mazoezi, na mazoezi ni dawa yenye dozi: kiasi gani, mara ngapi, kwa nguvu gani. Dozi ikipungua haiponyi, ikizidi inadhuru.

Madhara ya kulala yalipimwa zamani. Mwaka 1966, mjini Dallas, Marekani, vijana 5 wenye afya njema walilazwa kitandani wiki 3 kwa ajili ya utafiti. Uwezo wa miili yao kutumia oksijeni ulishuka kwa zaidi ya robo. Walipopimwa tena miaka 30 baadaye, hakuna hata mmoja aliyekuwa dhaifu kuliko alivyokuwa baada ya zile wiki 3. Nao walikuwa wazima, wenye umri wa miaka 20 hivi. Mtu aliyetoka chumba cha upasuaji ana akiba ndogo zaidi ya kupoteza.

Wodini

Siku ya kwanza baada ya upasuaji, mgonjwa aliye imara huketishwa ukingoni mwa kitanda, miguu ikining'inia, mipira ya kutoa damu kifuani ikiwa bado ipo. Anavuta pumzi ndefu mara 10 kila saa akiwa macho, na baada ya hapo anakohoa huku amekumbatia mto au taulo lililokunjwa, akilibana kifuani. Wengi hukwepa kukohoa kwa kuogopa maumivu. Makohozi yakibaki chini ya mapafu, homa ya mapafu huwa haiko mbali. Ndiyo maana tunaomba dawa ya maumivu itolewe nusu saa au zaidi kabla ya mazoezi.

Siku ya pili anahamia kwenye kiti na kupiga hatua chache kando ya kitanda. Siku ya tatu anatoka kwenye korido, mita 50 hivi, mara 2 au 3 kwa siku, kisha umbali unaongezwa. Kabla ya kuruhusiwa kwenda nyumbani anapanda ngazi za ghorofa moja mtaalamu akiwa pembeni. Ratiba hii si sheria. Mapigo ya moyo yakivurugika, jambo linalotokea mara nyingi siku za mwanzo, tunarudi nyuma hatua moja na kusubiri.

Mfupa wa kidari

Mfupa huu hukatwa kwa msumeno kuanzia juu hadi chini, kisha pande mbili hufungwa kwa waya wa chuma. Huchukua wiki 6 hadi 8 kushikana, na hufikia wiki 12 ndipo uwe imara. Muda huo mgonjwa asibebe zaidi ya kilo 4 au 5, yaani dumu la lita 5 tayari liko mpakani. Akiamka, ageuke ubavu mwili mzima kama gogo, ashushe miguu, ndipo ainuke. Asijivute kwa kamba wala kwa mkono wa mtu. Kulala kwenye mkeka kusubiri, kwa sababu kuinuka kutoka sakafuni kunamlazimu asukume kwa mikono. Anayeswali aswali akiwa ameketi kwenye kiti.

Hatari nyingine iko jikoni, nayo husahaulika kwa kuwa si mzigo. Mtazame mtu anayesonga ugali. Mwiko umeshikwa kwa mikono miwili, viwiko vimetoka mbavuni, na kila mzunguko bega moja linasukuma wakati lingine linavuta. Unga unapokaza, nguvu yote hiyo inapita kwenye mfupa uliofungwa kwa waya, upande mmoja ukienda huku na wa pili kule. Kukuna nazi kwenye mbuzi, kukamua mashuka na kutwanga kisamvu ni vivyo hivyo. Kazi hizi zisubiri wiki 12. Kukata mboga mezani, kuchambua mchele na kupiga pasi nguo nyepesi hazina shida, maana viwiko vinabaki karibu na mbavu. Hiyo ndiyo kanuni: viwiko vikibanwa mbavuni, mfupa uko salama.

Wapo wanaokosea upande wa pili. Kwa woga wanakumbatia kifua na kutembea wameinama, na mwezi ukiisha mabega yamekakamaa, shingo inauma. Mara 2 kwa siku azungushe mabega kwenda nyuma mara 10, kisha ageuze kiwiliwili taratibu kulia na kushoto mara 5, bila kufikia maumivu.

Nyumbani, kisha kliniki

Wiki ya kwanza nyumbani atembee dakika 5 hadi 10, mara 2 au 3 kwa siku, mahali tambarare. Aongeze dakika 1 au 2 kila siku mpaka afike dakika 30 mfululizo, ambazo wengi huzifikia kati ya wiki ya 4 na ya 6. Atoke alfajiri au jioni. Joto la mchana, hasa kwa anayetumia furosemidi ya kupunguza maji mwilini, humshushia presha akaona giza. Asitembee mara tu baada ya kula. Asubiri walau saa 1.

Kliniki ya mazoezi huanza takriban wiki ya 4 hadi ya 6, mara 2 au 3 kwa wiki, kwa wiki 8 hadi 12. Kwanza tunapima umbali anaotembea kwa dakika 6 katika njia ya mita 30. Namba hiyo tunairudia mwishoni. Ikiongezeka mita 25 hadi 30, hayo ni mabadiliko ya kweli. Kila siku ya mazoezi tunapima uzito, mapigo na presha kabla ya chochote. Presha ikiwa juu ya 180/110, mapigo yakizidi 120 akiwa ameketi, au akiwa na homa, hakuna mazoezi siku hiyo.

Dakika 15 za mwanzo ni za kupasha mwili. Zinafuata 20 hadi 30 za baiskeli au kutembea, kisha 10 za kupoza. Hizi 10 ndizo watu wanazozikata kwa haraka ya kuwahi daladala, na ndipo wanapoanguka. Mishipa ya miguu bado imetanuka, misuli imeacha kusukuma damu juu, presha inaporomoka ghafla.

Nguvu ya zoezi usiipime kwa hesabu ya mapigo ya juu kabisa ya moyo, yaani 220 kutoa umri. Mgonjwa anayemeza bisoprololi au atenololi ana mapigo yaliyozuiwa na dawa. Tunatumia kipimo cha Borg, ambapo mgonjwa mwenyewe anataja namba kati ya 6 na 20 kueleza zoezi ni gumu kiasi gani, na tunamtaka abaki kati ya 11 na 13, kati ya jepesi na gumu kiasi. Nyumbani iko njia rahisi: aweze kusema sentensi nzima bila kukatika pumzi, lakini asiweze kuimba kaswida au pambio.

Asimame mara moja akisikia maumivu ya kifua, kizunguzungu, moyo kwenda mbio bila mpangilio au pumzi kumwishia. Visipotulia kwa kupumzika, aende hospitali bila kungoja kesho. Hata bila mazoezi, arudi mapema akiongezeka kilo 2 ndani ya siku 2 au 3, kidonda kikitoa usaha, au akisikia mfupa wa kidari unalia *ka* anapogeuka, dalili kwamba pande mbili hazijashikana. Aliyewekewa valvu ya chuma anameza warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, maisha yake yote, hivyo akiumia hutoka damu nyingi. Mpira wa miguu na michezo ya kugongana si yake. Kutembea, na baiskeli isiyotembea, ni vyake.

Baada ya wiki 12, daktari akiridhika, tunaanza kumrudishia uzito: dumu la lita 5, wiki kadhaa baadaye lita 10. Ndoo ya lita 20 ndiyo ya mwisho, na siku yake ikifika atwishwe na mwenzake, kwa sababu kujitwisha kutoka chini kunavuta kifua kuliko kuibeba ikiwa tayari kichwani.