Eklektiki si "chochote kile"

Kwa mara ya tatu mwezi huu nimeingia chumbani kwa mtu nikapokewa na maelezo ambayo sikuyaomba: "Usishangae, mimi ni mtu wa eklektiki." Safari hii alikuwa rafiki yangu anayeishi kwenye studio, na alilitamka neno hilo huku akisukuma kikapu cha nguo kwa mguu ili mlango ufunguke wote. Ndani mlikuwa na kabati zito la mbao nyeusi lenye nakshi, meza ya kioo yenye miguu myembamba ya chuma cheusi, viti viwili vya plastiki, mapazia ya maua makubwa makubwa, na taa tatu zilizoonekana kama zimekutana asubuhi ile. Sina neno na kabati. Sina neno hata na plastiki. Nina neno na lile neno.

Tulimalize haraka la maana. Eklektiki ni namna ya kupamba mahali kwa kuchukua vitu vya mitindo au nyakati tofauti na kuviweka pamoja kwa makusudi, hadi jicho livione kuwa ni vya nyumba moja. Studio, kwa wale ambao wakilisikia neno wanafikiria kupigwa picha au kurekodi muziki, ni makazi ya chumba kimoja: kitanda, sebule na jiko vimo ndani ya kuta zilezile, na bafu peke yake ndilo lenye mlango. Maana zote mbili zina asili moja, kwa sababu Waitalia waliliita studio chumba cha kazi cha msanii. Hilo nimelisema tu kwa sababu limepita njiani.

Katika maana ya eklektiki, watu hukimbilia "tofauti" na kuruka "kwa makusudi". Nadhani tafsiri zetu zimechangia. Mara nyingi utakuta imeandikwa "mtindo mchanganyiko" au "mtindo wa mseto", na mchanganyiko ni kazi isiyomdai mtu chochote. Ukitaka kuchanganya unamimina tu. Huhitaji kukataa kitu, huhitaji kurudisha kitu dukani, huhitaji kumwambia shangazi kwamba ile picha aliyokuzawadia haitapata ukuta. Lugha yenyewe inatuonya, maana kutoka kuchanganya hadi kuchanganyikiwa ni mwendo wa silabi chache.

Neno lenyewe ni la Kiyunani. Ek ni "kutoka ndani ya", na legein, pamoja na maana yake nyingine ya kusema, ni kuokota, kukusanya, kuchagua. Eklegein ni kuchagua na kutoa: una rundo mbele yako, unanyoosha mkono, unatoa unachokitaka na kuacha kingine kikae kilipo. Eklektikos ni mwenye tabia hiyo. Na hapa msomaji wa Kiswahili ana bahati, kwa sababu ndugu wa neno hili alishatafsiriwa vizuri zamani na wengi wetu tunamjua kwa moyo. Mathayo 22:14: "Kwa maana waitwao ni wengi, bali wateule ni wachache." Hao wateule, katika Kiyunani cha awali, ni eklektoi. Sijapata kuona maelekezo mafupi kuliko hayo juu ya kupamba chumba kimoja, ingawa mfano wenyewe unahusu harusi ya mwana wa mfalme na hautaji samani popote.

Kwa hiyo kama ningeulizwa, ningesema tuliite "mtindo wa kiteuzi" na tuachane na mseto. Sijaulizwa. Lakini mzizi huu wa kuchagua una ukoo mpana: Kilatini kina eligere, ambalo pia limejengwa juu ya wazo la kutoa kilicho bora kwenye fungu, na kutoka huko likaja elegans, yaani nadhifu, sifa ya mtu mwenye jicho la kuchagua. Eklektiki na unadhifu ni watoto wa wazo moja. Ukilitumia neno kumaanisha chumba ambacho hakijawahi kuchaguliwa kitu, umelitumia kinyume chake kabisa.

Kabla ya wapambaji, lilikuwa neno la wanafalsafa. Diogenes Laertios, aliyeandika juu ya maisha ya wanafalsafa wa Kiyunani, anamtaja Potamo wa Aleksandria kuwa mwanzilishi wa kundi la kieklektiki, ambalo lilichukua kutoka kila madhehebu ya falsafa yale mafundisho yaliyolipendeza. Zingatia kwamba alichukua mafundisho. Hakuyaambia madhehebu yahamie kwake na mizigo yao yote.

Kisha akaja Denis Diderot, mwanafalsafa wa Ufaransa, na kwa kweli ndiye aliyenipa moyo wa kuandika haya, kwa kuwa aliudhika kama mimi. Katika juzuu la tano la Encyclopédie, ensaiklopidia aliyoihariri, lililotoka mwaka 1755, aliandika makala ndefu juu ya eklektisimu, na humo akaonya kwamba isichanganywe na sinkretisimu. Mtu wa eklektiki, kwake, ni yule anayekataa kukubali jambo kwa sababu tu limerithiwa au linaaminiwa na wengi. Analipima kwanza kwa akili yake. Yule mwingine anajitahidi kupatanisha kila upande na kila upande.

Na hilo neno la pili lina kisa chake kizuri. Plutarko, mwandishi wa Kiyunani wa kale, anasimulia kwamba watu wa Krete walikuwa wakigombana wao kwa wao mara kwa mara, ila adui wa nje akitokea waliweka ugomvi kando na kusimama pamoja. Umoja huo wakauita sinkretisimu. Hawakupendana. Hakuna aliyemchagua mwenzake. Kilichowaweka bega kwa bega ni kwamba wote walikuwa kisiwani na meli za adui zilikuwa zinakuja.

Sasa rudi kwenye vyumba vyetu. Vingi vinavyoitwa eklektiki ni vya Wakrete. Kiti kimesimama karibu na rafu kwa sababu vyote viwili vilibaki baada ya kuhama. Zulia liko chini ya meza kwa sababu lilikuwa likiuzwa kwa bei nafuu wiki ile. Vitu vinavumiliana kwa kukosa pa kwenda, na adui wa nje ni kodi ya mwezi ujao. Ni hali ya kawaida ya binadamu na simcheki mtu. Lakini ina jina lake, na jina hilo tayari limekwisha kutolewa.

Nakiri neno limepita mikono mingi. Katika karne ya 19 wasanifu wa majengo walilichukua. Jumba la opera la Paris la Charles Garnier, lililojengwa kati ya 1861 na 1875, hutajwa sana kama kielelezo chake. Waliofuata baadaye, wapenzi wa ukuta mweupe usio na urembo, wakaligeuza kuwa tusi: eklektiki, yaani mtu asiye na lake. Nafikiri tusi hilo ndilo linalotembea hadi leo, isipokuwa sasa limevishwa nguo za sifa.

Wapo pia wanaojitetea kwa Josef Frank, msanifu wa Austria aliyehamia Sweden, ambaye mwaka 1958 aliandika kwamba tungepanga mazingira yetu kana kwamba yametokea kwa bahati. Watu huinukuu nusu ya mwisho. Uzito uko kwenye "kana kwamba". Huyu ni mtu aliyechora mwenyewe vitambaa vya maua na majani, mstari kwa mstari, na bahati ya namna hiyo hutokea baada ya kukaa mezani saa nyingi.

Kwa nini nilikazanie hili kwa studio hasa? Kwa sababu nyumba yenye vyumba vingi inamsamehe mtu. Unaweza kuwa na sebule ya mbao za kuchonga na chumba cha kulala cha chuma na kioo, na hakuna mgeni atakayeviona pamoja, kwani mlango upo katikati. Kwenye studio ukilala kitandani unaliona sinki. Ukiosha vyombo unaona foronya. Kila kitu ni jirani wa kila kitu, na kitu kimoja kipya kinapoingia, uhusiano wa vyote vilivyokuwamo unabadilika. Kitanda ndicho kinachotawala: chenye upana wa sentimita 135 na urefu wa 190 kinakula zaidi ya mita 2.5 za mraba, ambayo ni sehemu ya kumi ya chumba cha mita 5 kwa 5 kabla hujaacha hata njia ya kukizunguka. Kwa hiyo shuka na tandiko, ambavyo watu huvinunua mwisho bila kufikiri, katika studio ndivyo ukuta wa tano. Anayeanza na vinyago na fremu za picha ameanzia mkiani.

Kinachotafutwa katika uteuzi ni uzi: jambo moja au mawili yanayojirudia katika vitu ambavyo kwa mengine yote ni tofauti. Rangi ni uzi rahisi kuliko zote. Upo pia wa maada, wa umbo, wa kimo, na kwenye chumba kidogo upo mmoja ambao hausemwi sana, nao ni wepesi wa kitu machoni, yaani kama mwanga unapita chini yake au ndani yake.

Mfano mmoja unanitosha. Mwaka 1859 Michael Thonet, mtengeneza samani, alitoa kiti chake namba 14: vipande sita vya mbao iliyopindwa kwa mvuke, skrubu kumi na nati mbili, na kikalio cha henzirani iliyosukwa. Mwaka 1928 Marcel Breuer, msanifu wa samani na majengo, akasanifu kiti cha bomba la chuma linalong'aa, kisicho na miguu ya nyuma, ambacho kikalio na kiegemeo chake vina fremu ya mbao iliyowambwa henzirani. Kati yao ipo miaka 69 na mapinduzi mazima ya namna ya kutengeneza vitu. Viweke kwenye meza moja ndogo: havigombani. Henzirani inaitikiana, chuma kimepindwa kama mbao ilivyopindwa, na sakafu inaonekana chini ya vyote viwili, jambo ambalo chumba kidogo kinalishukuru. Aliyeviweka pamoja hakubahatisha. Ukimwuliza atakuonyesha kwa kidole.

Watu wengine hudhani tofauti ninayoizungumzia ni ya wingi na uchache. Hapana. Ukuta unaweza kujaa picha kutoka chini hadi darini na ukawa wa kiteuzi. Chumba kinaweza kuwa na vitu vinne tu na vyote vinne vikawa Wakrete. Wingi ni mtindo mwingine wenye jina lake. Vilevile si suala la fedha. Kuteua hakumaanishi kununua, na kitu cha kurithi kinaweza kuteuliwa siku unapoamua, ukiwa na uhuru wa kukitoa, kwamba kitabaki. Kukiacha kwa sababu ni kizito kukibeba ni habari nyingine.

Basi yule rafiki yangu. Baada ya kukaa kidogo nilimwuliza habari ya kila kitu: hiki kwa nini kipo? Kabati, akasema, lilikuwa la bibi yake. Ndugu walitaka kuliuza, akalikatalia, akalipima kabla ya kuhamia ili ajue litapita mlangoni. Meza ya kioo aliitafuta miezi miwili, maana kila meza ya mbao aliyoijaribu mbele ya kabati lile ilikifanya chumba kionekane kama ghala, na miguu ile myeusi aliiona inafanana na kabati. Alikuwa anaeleza kwa mikono, kasahau kabisa kwamba aliniomba radhi mlangoni. Taa, mbili alizihesabu kuwa bahati mbaya. Mapazia aliyatazama, akanyamaza.

"Na viti?"

"Viti nilivikuta."

Nikamwambia kabati na meza ni eklektiki kweli, na asiviombee radhi tena. Viti ni vya mwenye nyumba.