Utumbo ulioziba si shambulio la homa

Homa ya kifamilia ya Mediterania ni ugonjwa wa kurithi ambao kwa kawaida humpata mtoto aliyepokea jeni ya MEFV yenye kasoro kutoka kwa baba na kwa mama. Jeni hiyo, iliyotambuliwa mwaka 1997, ndiyo inayoongoza utengenezaji wa protini ya pairini, na ikiharibika kinga ya mwili hupandisha homa na uvimbe pasipo kijidudu chochote. Huonekana zaidi kwa Waturuki, Waarmenia, Waarabu na Wayahudi.

Tofauti inayopuuzwa mno, hata na waandishi makini, ni ile iliyopo kati ya shambulio, yaani kipindi ambacho homa na uvimbe hupanda, na tatizo la utumbo. Shambulio ndio ugonjwa wenyewe: utando unaofunika matumbo huvimba, tumbo hukakamaa na kuuma kiasi kwamba watoto wengine wamepasuliwa kwa kudhaniwa wana kidole tumbo, kisha kikakutwa kizima. Hata hivyo huisha lenyewe, kwa kawaida ndani ya siku 1 hadi 3. Tatizo la utumbo huzaliwa na ugonjwa huo, nalo ni adimu. Utando uliovimba mara kwa mara unaweza kuacha nyuzi za kovu zinazogandisha mikunjo ya utumbo, hata kwa mtoto ambaye hajawahi kupasuliwa, hadi uzi mmoja ubane njia ya chakula. Watoto hawa pia hupata zaidi kuliko wenzao uvimbe wa mishipa midogo ya damu, wenye madoa ya zambarau miguuni na matakoni, ambao mara chache huufanya utumbo ujiingize ndani yake wenyewe kama mkono wa shati uliovutwa kwa ndani.

Mtoto mwenye shambulio aghalabu hulala bila kujitikisa, akiogopa hata kuguswa tumbo. Aliyezibwa utumbo maumivu humjia na kumwachia, hutapika nyongo ya kijani, hapati choo wala hatoi hewa, na tumbo hutuna. Dawa ya kolchisini, ambayo tangu mwaka 1972 inajulikana kuzuia mashambulio, haifungui utumbo ulioziba.

Kwa hiyo si sahihi kuyaita maumivu yote ya tumbo ya watoto hawa matatizo ya utumbo, wala kuyachukulia yote kuwa homa yao ya kawaida. Mzazi aonaye matapishi ya kijani asingoje siku 3 zipite, bali amwahishe mtoto kwenye hospitali yenye daktari wa upasuaji, akieleza ugonjwa alio nao na kilichobadilika safari hii.