Mchezaji wa kulipwa ni nani hasa?

Nimeyasikia tena majuzi, mazungumzo yakiwa juu ya wanawake wa Denmark wanaocheza tenisi. Caroline Wozniacki, wa kulipwa. Clara Tauson, wa kulipwa. Wale wengine walioko nafasi ya mia nne na mia tano kwenye orodha ya ubora duniani? "Hao si wa kulipwa, wanajaribu tu." Kila mtu mezani akaitikia, na hapo ndipo ninapochoka.

Maana yenyewe ni fupi. Mchezaji wa kulipwa ni yule anayeingia mashindano yenye zawadi ya fedha na kuichukua fedha hiyo kuwa pato lake. Wa ridhaa ni yule anayecheza bila kuichukua. Hakuna panapotajwa ubora, umaarufu, mshahara wala nafasi kwenye orodha.

Kinachotuvuruga sisi ni soka. Kwetu "kwenda kucheza soka la kulipwa" kumekuwa na maana ya kupanda ndege. Mbwana Samatta alipotoka TP Mazembe kwenda Genk ya Ubelgiji Januari 2016, walikuwepo waliosema sasa ndiyo kaingia soka la kulipwa, kana kwamba kule Lubumbashi alikuwa akicheza kwa sadaka. Neno likawa cheo. Afadhali kwenye ngumi, ambako mashabiki wanajua kuwa za ridhaa na za kulipwa ni nyumba mbili, kila moja na sheria zake na wakubwa wake, na bondia wa kulipwa anaweza kuwa ovyo kabisa na bado akawa wa kulipwa.

Tenisi nayo ilikuwa na nyumba mbili, na ukuta kati yake ulikuwa mkali. Hadi 1967 Wimbledon na mashindano makubwa mengine yalikuwa ya watu wa ridhaa tu. Ukikubali hadharani kuwa unacheza kwa fedha, mlango unafungwa. Wengi walipokea chini ya meza na kuendelea kuitwa wa ridhaa, unafiki ambao kila mtu aliujua. Ukuta ulianza kubomoka Aprili 1968 katika mji wa Bournemouth, Uingereza, mashindano yalipofunguliwa kwa pande zote mbili. Virginia Wade akatwaa ubingwa wa wanawake. Zawadi ilikuwa pauni 300, na Wade hakuichukua, kwa kuwa bado alikuwa wa ridhaa. Wiki chache baadaye mjini Paris, Nancy Richey wa Marekani alimfunga Ann Jones kwenye fainali ya Roland Garros. Jones alikuwa wa kulipwa, Richey wa ridhaa. Bingwa akaondoka bila zawadi, aliyeshindwa akaondoka na fedha.

New York mwaka huohuo mambo yalijirudia upande wa wanaume. Arthur Ashe alishinda US Open akapata posho ya kujikimu tu, na Tom Okker wa Uholanzi, aliyefungwa, akachukua dola 14,000. Anayedhani "wa kulipwa" ni jina la mchezaji bora na "wa ridhaa" ni la mchezaji dhaifu, aiangalie fainali ile kisha aniambie bora alikuwa yupi.

Turudi Denmark. Wozniacki alicheza mashindano yake ya kwanza ya WTA, chama cha tenisi ya wanawake ya kulipwa, mjini Cincinnati, Marekani, Julai 2005, akiwa na miaka 15, akatolewa na Patty Schnyder wa Uswisi. Wakati huo hakuna aliyemhesabu miongoni mwa vigogo. Tarehe 11 Oktoba 2010 akawa namba moja duniani. Hali yake kikazi ilikuwa ileile siku zote mbili. Kilichobadilika ni namba. Tenisi haina mtihani wa kuingia kwenye kulipwa, haina klabu ya kukusajili wala dirisha la uhamisho. Ukifikisha miaka 14 unajiandikisha ITF, shirikisho la tenisi la dunia, unapata namba yako ya utambulisho, unaomba nafasi kwenye mashindano, unalipia safari.

Na usidhani kombe la vijana ndilo linalomfanya mtu kuwa wa kulipwa. Mwaka 1998 binti wa Kidenmark, Eva Dyrberg, alitwaa ubingwa wa wasichana wawili wawili Wimbledon pamoja na Jelena Kostanić wa Kroatia, kisha wa US Open pamoja na Kim Clijsters wa Ubelgiji. Mashindano ya vijana hayana zawadi ya fedha. Clijsters alifika namba moja duniani mwaka 2003, Dyrberg hakuwahi kufika huko, lakini kazi waliyoiendea wote wawili ilikuwa moja. Kombe hilohilo la Wimbledon ndilo alilolibeba Angella Okutoyi wa Kenya mwaka 2022 akiwa na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi, kisha akaenda kucheza na kusoma Chuo Kikuu cha Auburn, Marekani. Michezo ya vyuo vya kule ni moja ya pembe chache ambako swali la ridhaa bado lina uzito, maana kwa miaka mingi mwanafunzi aliruhusiwa kushindana na wa kulipwa na kupata pointi, ila fedha za zawadi aliwekewa mipaka. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa kwenye orodha ya WTA, juu ya Mdenmark wetu wa mfano, tuseme wa nafasi ya 460, na bado yeye ndiye wa ridhaa.

Sasa huyo wa 460 anaishije? Wiki zake nyingi ziko Monastir nchini Tunisia, Antalya nchini Uturuki au Sharm el-Sheikh nchini Misri, kwenye hoteli za ufukweni zenye viwanja vingi, ambako mashindano madogo ya ITF huandaliwa wiki baada ya wiki. Ngazi ya chini kabisa huitwa W15. Fungu lote la zawadi ni dola 15,000, na linagawanywa kwa wachezaji wa mmoja mmoja na wa wawili wawili. Bingwa anaondoka na chini kidogo ya dola 2,500. Anayetolewa raundi ya kwanza hapati hata dola 200, na humo hakuna nauli, hakuna hoteli, hakuna nyuzi za raketi. Kocha ni anasa. ITF yenyewe ilipochunguza hesabu za mwaka 2013 ilikuta kwamba mwanamke alitumia wastani wa dola 40,000 hivi kwa mwaka bila kumhesabu kocha, na kwamba alihitaji kuwa karibu na nafasi ya 253 ili zawadi zirudishe gharama. Kwa hiyo wa 460 anafanya kazi kwa hasara, na pengo analiziba kwa familia, wafadhili, au mechi za ligi ya klabu za Ujerumani zinazolipa wageni. Hesabu zake ni za mwenye bodaboda, si za mwajiriwa: mafuta yake, matairi yake, na siku isiyo na abiria ni yake pia. Bodaboda asiye na faida hatumwambii kwamba anaendesha kwa kujifurahisha.

Hapohapo kuna kosa dogo linalonikera. W35, ngazi inayofuata juu ya W15, haimaanishi dola 35,000. Tangu 2024 namba hizo zinaonyesha pointi anazopata bingwa, kwa hiyo aliyeshinda W35 amepata pointi 35, na fungu la fedha ni hesabu nyingine.

Mdenmark ana tatizo jingine ambalo Mwingereza wa nafasi ileile hana. Wimbledon hutoa nafasi nane za mwaliko, zisizotegemea nafasi ya mtu kwenye orodha, katika droo ya wanawake, na nyingi huenda kwa wenyeji. Mwaka 2025 aliyetolewa raundi ya kwanza pale alilipwa pauni 66,000. Ufaransa, Marekani na Australia nazo zina mashindano yao makubwa na wenyeji wao wa kualika. Denmark haina. Hata mashindano ya WTA yaliyokuwa yakifanyika Farum, karibu na Copenhagen, yalidumu kuanzia 2010 hadi 2012 tu. Basi wawili wenye pointi sawa wanaweza kumaliza mwaka mmoja amelipa madeni yake na mwingine ameyaongeza, na raketini hawatofautiani.

Wapo wakubwa waliojaribu kuufanya "wa kulipwa" uwe cheo kweli. ITF ilipanga kulipunguza kundi la wachezaji wa kulipwa hadi wanaume 750 na wanawake 750, na mwanzoni mwa 2019 mashindano ya ngazi ya chini yakaondolewa pointi za WTA, na wachezaji wake wakapewa orodha yao ya pembeni. Wachezaji walilalamika vikali, wengi wakajikuta wamefutika kwenye orodha, na kufika Agosti mwaka huohuo pointi zilikuwa zimerudishwa. Nia ilikuwa fedha chache ziwatoshe watu wachache, na hoja hiyo ina akili ndani yake. Lakini ilionekana wazi kwamba huwezi kumvua mtu kazi yake kwa kumwondoa kwenye jedwali.

Kwa hiyo, ndugu mchambuzi, ukimtaja yule binti wa Copenhagen aliyetolewa raundi ya pili huko Monastir, mwite mchezaji wa kulipwa wa Denmark. Ukitaka tujue kwamba yuko chini, taja nafasi yake na tarehe ya orodha uliyoisoma, maana orodha hubadilika karibu kila Jumatatu. Na ukiona kwenye wasifu wake nafasi nzuri kuliko hiyo, angalia kwanza kama ni ya sasa au ndiyo ya juu kabisa aliyowahi kufikia.